Kabla Hujatia Sahihi ya Kutolewa Kizazi

“Si ushazaa? Kizazi cha nini tena?”

Mwanamke wa Likoni, Kisauni au Changamwe hulisikia swali hili kwa shemeji, kwa jirani, kwa muuguzi anayejaza fomu, na pengine kwa daktari mwenyewe. Huulizwa kwa huruma. Mama wa watu ametokwa na damu miezi na miezi. Godoro lake limetandikwa nailoni chini ya shuka. Harusini haendi, na akienda hakai kwenye kiti cha kitambaa. Buibui limekuwa vazi la lazima kwa sababu ni jeusi na halionyeshi doa. Mtu wa namna hii akiambiwa upo upasuaji mmoja utakaomaliza yote, haulizi mara mbili. Hupokea kalamu akatia sahihi.

Wapo waliotia sahihi hiyo na wakafanya sawa kabisa. Upasuaji wa kutoa kizazi umewarudishia wengi maisha yao, na sitaki mtu asome makala haya kisha amtishe mamake asiende thieta anakostahili kwenda. Ninachotaka ni uamuzi huo utokane na ugonjwa wako, hali yako na hiari yako, wala usitokane na mlango wa hospitali ulioingia siku hiyo. Maana mara nyingi ni mlango unaoamua, na hilo limeonekana duniani kwa miaka mingi.

Daktari mmoja Mmarekani, John Wennberg, alitumia maisha yake kulinganisha matibabu ya mji na mji. Mwaka 1984 aliandika kuhusu jimbo la Maine: katika eneo la hospitali moja, wanawake 20 katika kila 100 walikuwa wametolewa kizazi kufikia umri wa miaka 70, ilhali katika eneo la hospitali nyingine la jimbo hilo hilo walikuwa 70 katika kila 100. Kwa tofauti kubwa hivyo, ugonjwa hautoshi kuwa sababu. Alichogundua Wennberg ni kwamba mtu akivunjika nyonga hakuna mjadala, kila mahali hulazwa, kwa hiyo idadi za mji na mji hukaribiana. Lakini damu nyingi ya hedhi na uvimbe wa kizazi vina njia kadhaa za kutibika, na zote zina hoja. Hapo ndipo mazoea ya daktari, alivyofundishwa na anavyoamini, yanapoamua badala ya mgonjwa.

India, ambako watu wengi wa Mombasa huenda kutibiwa, jambo hili limefika pabaya zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya familia wa mwaka 2015 hadi 2016 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 kama wametolewa kizazi. Kwa nchi nzima walikuwa karibu 3 katika kila 100. Katika jimbo la Andhra Pradesh walikaribia 9, na Assam hawakufika hata mmoja. Upasuaji mwingi ulifanywa katika hospitali za watu binafsi. Kisha mwaka 2019 zikatoka habari za wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra, wanakotoka wakata miwa. Kamati ya serikali ilihesabu wanawake 82,309 wa kazi hiyo na kukuta 13,861 wametolewa kizazi, wakiwemo vijana. Wanalala kwenye mahema kando ya mashamba, hawana choo wala maji ya kutosha, na siku wasipofika kazini hukatwa fedha. Mwanamke akienda kliniki na maumivu ya tumbo au uchafu ukeni, hutishwa kwamba ni saratani inanyemelea. Akipiga hesabu anaona afadhali kitoke. Kesi iliyofunguliwa tangu mwaka 2013 kuhusu upasuaji kama huo katika majimbo ya Bihar, Chhattisgarh na Rajasthan ilifika mwisho Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya India ilipoyaamuru majimbo yote yafuate mwongozo wa kuzuia utoaji wa kizazi usio wa lazima.

Turudi kwetu. Bara ya Mombasa zahanati na vituo vya afya vipo, na hospitali za kaunti ndogo zipo pia, kama Port Reitz upande wa Changamwe na ile ya Likoni. Lakini ukitaka daktari bingwa wa wanawake, safari yako kwa kawaida ni kuvuka kwenda kisiwani, Hospitali Kuu ya Pwani, au kliniki za binafsi za mjini na Nyali. Mama wa Mtongwe anatoka alfajiri, apande matatu, asimame foleni ya feri, apande tena ng’ambo, akae kwenye benchi, na siku hiyo meza yake ya viazi karai haikufunguliwa. Matibabu ya dawa yanataka aende na kurudi: leo kipimo, mwezi ujao tuone, baada ya miezi mitatu tubadilishe. Upasuaji, kwa aliye mbali, unaonekana ni safari moja tu. Kwa maoni yangu umbali huu pekee unatosha kumsukuma mtu kwenye kisu, hata kama hakuna daktari mwenye tamaa popote. Na umbali huo huo humfanya mwingine akae nyumbani miaka mitano akivuja damu, afikishwe hospitali amebebwa, rangi imemtoka midomoni. Huyu kakatwa mapema na yule kacheleweshwa, na wote wawili wamekosa kitu kimoja: kuelezwa mapema njia zote zilizopo.

Basi tuanze na lile unaloweza kulifanya kabla ya kulipa hata nauli. Andika damu yako. Mwanamke wa Kiislamu hapa ana nusu ya kazi tayari, kwa kuwa amefundishwa kuhesabu siku ili ajue lini aswali na lini asiswali, na katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani damu ikivuka siku 15 huhesabiwa istihadha. Hesabu hiyo iendeleze kwenye daftari au simu: imeanza lini, imeisha lini, umebadilisha pedi ngapi kwa siku, umetoa mabonge makubwa kiasi gani, umeamka usiku mara ngapi, na siku zipi ulishindwa kwenda kazini. Miezi mitatu ya maandishi ina nguvu mbele ya daktari kuliko kusema “natoka sana”. Kama pedi inalowa chapa ndani ya saa moja, na saa ya pili ikawa vile vile, au unaona kizunguzungu na moyo unakwenda mbio, funga daftari uende hospitali usiku huo huo.

Pili, pima wingi wa damu. Ni kipimo cha bei nafuu na hata kituo cha afya cha karibu huwa nacho. Wanawake wengi wa pwani huishi na upungufu wa damu wakidhani ni uchovu wa kazi, au jini, au husuda. Simkatazi mtu kusomewa, lakini damu iliyopungua hairudi bila madini ya chuma. Ukipewa vidonge vya chuma, usivimeze na chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, nasi ni watu wa chai asubuhi, jioni na kila mgeni akibisha hodi. Acha saa moja au mbili zipite kati ya kidonge na kikombe, na umeze pamoja na chungwa au maji ya ndimu. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hicho. Hata kama mwisho wake utapasuliwa, mwenye damu ya kutosha huvuka thieta salama zaidi, na ndugu zake hawatakimbizana kutafuta wa kumtolea damu.

Tatu ni skani. Usitoke chumbani na neno “una uvimbe” peke yake. Taka karatasi, na taka uelezwe uvimbe ni ngapi, ukubwa wake sentimita ngapi, na uko upande gani. Uvimbe mdogo uliojichomoza ndani ya kizazi unaweza kumwaga damu ya kutisha, na mkubwa uliokaa nje ukawa kimya miaka. Uvimbe huu, unaoitwa faibroidi, ni jambo la kawaida mno kwa wanawake weusi: utafiti uliofanywa jiji la Washington na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya 80 katika kila 100 ya wanawake weusi wanao, wengi bila hata kujua. Kwa hiyo kuonekana kwenye picha si hukumu. Kama haukuumizi, haukutoi damu na haukubani kibofu, mara nyingi unaachwa na kuangaliwa, na hedhi ikikoma huwa unasinyaa wenyewe.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hofu inayowaingiza wengi thieta ni ile ya kwamba uvimbe utageuka saratani. Faibroidi karibu zote hazigeuki. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, ikiwa na nia ya kutahadharisha, ilikadiria kwamba kati ya wanawake 350 wanaopasuliwa kwa uvimbe unaodhaniwa ni faibroidi, mmoja hukutwa na saratani iliyojificha. Kwa hiyo mtu akikwambia “tukikuacha hivi itakuwa saratani”, muulize ameona nini kwenye vipimo vyako. Lakini zipo dalili zisizongoja. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma mwaka mzima au zaidi, hata tone, ichunguzwe. Damu baada ya tendo la ndoa, ichunguzwe. Uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma, uchunguzwe. Na ukishavuka miaka 45 ukaanza kutoka damu ovyo, ni haki daktari achukue kinyama kidogo kutoka ndani ya kizazi kipelekwe maabara, na apime mlango wa kizazi, kabla ya kuzungumzia kukiondoa. Ikiwa ni saratani, upasuaji na matibabu yake ni mengine kabisa, na aliyekatwa bila kuchunguzwa kwanza anaweza kupata upasuaji usiomfaa.

Sasa njia zenyewe. Zipo dawa za kunywa siku za damu tu, kama asidi ya traneksamiki, ambayo hupunguza damu bila kugusa uzazi; aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni aseme kabla hajapewa. Zipo dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni ambazo pia hupunguza damu kiasi. Vipo vidonge na sindano za homoni. Na ipo koili ya homoni, ambayo wengi wetu tunaijua kama kitu cha kupanga uzazi tu. Hii huwekwa ndani ya kizazi, hutoa homoni kidogo kidogo na kuifanya ngozi ya ndani iwe nyembamba, hata hedhi ikapungua sana au ikakatika, na hukaa miaka. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Ufini waliilinganisha na upasuaji kwa wanawake 236 wenye damu nyingi. Miaka mitano baadaye, katika kila 10 waliowekewa koili, wanne hivi walikuwa wametolewa kizazi, lakini karibu sita hawakuhitaji tena kukatwa, na hali yao ya maisha ilikuwa sawa na ya waliokatwa. Si kila kituo kinayo, na uvimbe mkubwa unaopinda kizazi kwa ndani unaweza kuizuia isikae. Iulizie kwa jina: koili ya homoni, si ile ya shaba, kwa kuwa ya shaba inaweza kuongeza damu.

Upo pia upasuaji wa kutoa uvimbe na kubakisha kizazi. Kwa anayetaka mtoto, huu ndio wa kuuliza kwanza. Una gharama zake, unaweza kumwaga damu nyingi na uvimbe unaweza kuota tena, na hilo uambiwe kabla, usiligundue baada ya miaka minne. Kama shida ni kizazi kushuka, ipo pete ya mpira inayovaliwa ndani kukishikilia, pamoja na mazoezi ya kubana misuli ya chini. Bibi wa miaka 70 mwenye presha na sukari anaweza kuishi vizuri na pete hiyo bila kuona kisu.

Kuna mambo ambayo sitayapamba. Vidonge vya kuweka ukeni vinavyouzwa kwenye simu kwa jina la kusafisha kizazi, na chupa za mitishamba zinazoahidi kuyeyusha uvimbe kwa siku 21, havina ushahidi, na vya kuweka ukeni huchubua na kuleta maambukizi. Fedha hiyo ilitosha skani.

Ukifika mbele ya daktari na neno “kutoa” likatajwa, una haki ya kumuuliza bila kumvunjia heshima. Daktari, tatizo langu linaitwaje hasa? Nisipofanya chochote kwa miezi sita itakuwaje? Kuna njia gani nyingine, na kwa nini hazinifai mimi? Utapitia tumboni, ukeni au kwa matundu madogo? Njia ya uke, inapowezekana, humwinua mgonjwa mapema kuliko mshono wa tumbo. Utaacha mlango wa kizazi? Ukiachwa, utaendelea kuupima kila inapobidi.

Na swali ambalo wengi hulisahau: mayai yangu utayagusa? Ovari, yaani vifuko vya mayai, ni viungo vingine, na kizazi kinaweza kuondoka vikabaki. Zikiondolewa kwa mwanamke ambaye hedhi haijakoma, siku ya pili anaingia ukomo wa hedhi kwa ghafla, joto na jasho usiku, na miaka ya mbele mifupa na moyo vinapungukiwa na kinga. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wenye wanawake zaidi ya 29,000 waliotolewa kizazi, ulionyesha kwamba waliotolewa na ovari walipata saratani ya ovari na ya matiti kwa uchache, lakini kwa jumla walikufa zaidi, ikiwemo kwa moyo. Kama huna ugonjwa wa ovari wala saratani hiyo haiko katika ukoo wenu, maneno “tutatoa vyote tusafishe kabisa” yanahitaji maelezo. Hofu ya kwamba mume “atajua” na nyumba itavunjika, mara nyingi inahusu ovari zaidi ya kizazi chenyewe. Wengi hurudi kwenye tendo la ndoa wakiwa na raha zaidi kwa kuwa damu na maumivu yameondoka.

Haki hizi si hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha unayoielewa. Fomu ikiwa ya Kiingereza na wewe huelewi, isomwe kwa Kiswahili, au Kigiriama, au Kidigo, kabla ya kalamu. Mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unatambua haki ya kutafuta rai ya daktari wa pili. Sahihi ni yako, mtu mzima mwenye akili timamu. Bwana ashauriwe kwa mapenzi na aje asikilize, ni vyema, lakini kizazi hakitolewi kwa sahihi yake wala hakibakizwi kwa sahihi yake. Mwaka 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliwapa fidia wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi waliofungwa mirija ya uzazi bila ridhaa ya kweli. Daktari mzuri hakasiriki ukitaka rai ya pili. Beba karatasi za skani, majibu ya maabara na daftari lako kwenye bahasha moja, ziwe zako, uvuke nazo.

Kuhusu fedha: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF imeondoka na SHA imeshika nafasi yake. Asiye na mshahara wa mwezi hulipa kadiri ya hali yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Upasuaji wa kupangwa hospitali huomba idhini kwanza, kwa hiyo uliza mapema bima inabeba nini na nini kinabaki kwako, na usisubiri kuulizia siku ya kulazwa. Bima ni neema, lakini panapolipwa kwa kila upasuaji, kuna hatari upasuaji uongezeke. Hapa Kenya, mwaka 2023, Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa baada ya televisheni kuonyesha wazee wanavyochukuliwa kwenye kambi za matibabu ya bure na kupelekwa kupasuliwa, bili ikienda NHIF. Kambi ikija mtaani kwenu nenda ukapimwe, lakini upasuaji wa kizazi usiukubali siku ile ile uliyokutana na daktari kwa mara ya kwanza, isipokuwa damu inahatarisha maisha yako. Ugonjwa usio saratani kwa kawaida hukupa wiki mbili za kufikiri.

Ukiamua kukatwa, na ni uamuzi wa heshima, panga nyumba kabla hujalazwa. Mshono wa tumbo unataka wiki sita hivi bila kunyanyua kizito. Wiki sita ni neno jepesi mpaka ukumbuke kwamba sehemu nyingi za Kisauni na Likoni maji huja kwa mkokoteni, na mtungi wa lita 20 lazima uinuliwe na mtu. Huyo mtu ajulikane jina lake kabla. Mwambie dada, wifi, au somo wako zamu zake. Akiba ya kula kwa mwezi mmoja na nusu bila biashara iwekwe pembeni, maana wapo wanaorudi sokoni wiki ya tatu kwa njaa na mshono ukafunguka. Homa, usaha, harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au damu mbichi kuanza tena, ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kitu cha mwisho hufanyika baada ya mshono kupona, na wengi hukiacha. Kizazi kilichotolewa hupelekwa maabara kichunguzwe. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, uliza kimepelekwa maabara gani, jibu litatoka lini na utalichukua dirisha lipi. Siku hiyo ikifika, vuka ukalichukue, au mtume mtoto unayemwamini akiwa na kadi yako. Liweke kwenye ile bahasha.